Viti 500, Mita 6: Hesabu ya Bango na Kipeperushi cha Kinjeketile

Kikundi cha maigizo kikianza kuandaa bango, swali la kwanza mezani huwa picha: tumweke nani, rangi gani, herufi za namna gani. Mimi ningeanza na maswali mawili yasiyo na mvuto wowote. Viti vingapi bado vitupu? Na mtu atakayesoma bango atakuwa amesimama mita ngapi kutoka ukutani? Majibu yake yanaamua ukubwa wa karatasi, idadi ya nakala, aina ya mtambo wa kuchapia na sehemu kubwa ya bajeti. Picha hufuata baadaye, na hufuata vizuri zaidi ikishajua nafasi iliyoachiwa.

Tuchukue tamthilia ambayo wasomaji wengi waliipitia shuleni: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Tuseme kikundi kimoja cha Dar es Salaam kinaipandisha jukwaani kwa maonyesho manne katika ukumbi wa viti 250. Jumla ni viti 1,000. Shule zilizokwisha kutoa ahadi zinachukua 300. Waigizaji na mafundi wa jukwaa wako 20, na kila mmoja akileta ndugu na marafiki 10, hao ni 200. Vinabaki viti 500, na kwa tiketi ya shilingi 10,000 hivyo ni shilingi milioni 5. Bango na kipeperushi vinafanya kazi kwa ajili ya viti hivyo 500 tu, wala haviwahusu watu wote wa jiji. Bei zote nitakazotumia hapa ni za mfano wa hesabu; weka za mchapaji wako, njia ya kukokotoa haibadiliki.

Tuanze na umbali, maana ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Kwenye chati ya daktari wa macho, herufi ambayo mtu mwenye macho mazuri huitambua kwa shida kutoka mita 6 ina kimo cha karibu milimita 8.7. Huo ndio mwisho wa uwezo wa jicho, katika mwanga mzuri, mtu akiwa ametulia na amekazia macho. Ukutani mambo hayawi hivyo. Kuna jua la saa saba mchana, vumbi, na mpita njia mwenye mawazo yake. Kwa hiyo zidisha kimo hicho mara tatu na ushee: milimita 30 kwa mita 6, yaani milimita moja ya kimo kwa kila 200 za umbali. Uwiano huo wa 1 kwa 200 ni rahisi kukumbuka na haujawahi kuniangusha.

Sasa liweke jina la tamthilia kwenye karatasi. KINJEKETILE lina herufi 11, neno moja lisilo na mahali pa kupumulia. Bango la A3 lina upana wa milimita 297. Toa milimita 15 za pambizo kila upande, zinabaki 267. Ukitumia Arial nzito, ambayo karibu kila kompyuta inayo, neno hilo zima kwa herufi kubwa lina upana wa mara 6.5 ya saizi ya herufi. Gawanya 267 kwa 6.5, unapata saizi ya milimita 41, sawa na pointi 116, na kimo halisi cha herufi kubwa hapo ni milimita 29. Bango lako basi linasomeka vizuri kutoka karibu mita 6. Msanifu anaweza kukesha akichagua rangi, lakini kwa mpangilio huo, mtu aliye mita 15 hataliona jina kama jina.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kuongeza karatasi. A2 ni mara mbili ya A3 kwa eneo, lakini kimo cha herufi huongezeka mara 1.41 tu, hadi karibu milimita 42, sawa na mita 8 na ushee. Umelipia karatasi mara mbili ukapata mita mbili na nusu. Tena mitambo mingi ya kidijitali ya mitaani hula karatasi ya milimita 320 kwa 450, ambayo inatosha A3 pamoja na ukingo wake wa kukatwa, basi. A2 inakupeleka kwenye mtambo mwingine unaotoza kwa mita ya mraba.

Njia ya pili ni kulaza A3 hiyohiyo. Upana unakuwa 420, ukitoa pambizo ni 390, na herufi zinapanda hadi milimita 43. Umepata umbali wa A2 kwa bei ya A3. Ubaya ni kwamba mbao nyingi za matangazo zimejaa mabango yaliyosimama, na lililolala hulazimika kuomba nafasi ya mawili. Njia ya tatu ni kulikata jina mistari miwili, KINJE juu na KETILE chini. Herufi zinafika milimita 54 na umbali karibu mita 11. Kwa hesabu tupu hii ndiyo inayoshinda, nami siitaki. Nyuma ya jina hilo yupo Kinjikitile Ngwale, mtu wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, na anayelifahamu hapaswi kuliunganisha vipande ukutani. Ningechagua njia ya nne: herufi za familia nyembamba, ndefu, zenye upana wa asilimia 60 ya kawaida. Kimo kinafika milimita 49 bila kulaza karatasi wala kukata jina. Kwa uwiano wetu hizo ni karibu mita 10, ingawa jicho linahitaji pia hewa kati ya mistari ya herufi, kwa hiyo ningehesabu 7 au 8 na kushukuru.

Mita hizo zina maana gani barabarani? Mtu mzima anatembea karibu mita 1.4 kwa sekunde. Bango linalosomeka kutoka mita 7 linampa sekunde 5 kabla hajalipita, muda wa kutosha kusoma jina, tarehe na mahali. Daladala inayokwenda kilomita 30 kwa saa inakata mita 8.3 kila sekunde; abiria aliye dirishani anapata chini ya sekunde moja. Kubandika A3 kwenye nguzo za barabara kuu ni kutupa karatasi. Mahali pake ni kituoni watu wanaposubiri, mlangoni mwa duka la vitabu, ubao wa chuo, mgahawa ambako foleni ya chai husogea polepole. Barabara inahitaji turubai: bango la plastiki la mita 3 kwa 1, jina likijaza mita 2.8, lina herufi za kimo cha sentimita 30, nazo zinasomeka kutoka mita 60. Hapo abiria wetu anapata sekunde 7. Moja likining'inia nje ya ukumbi linatosha, baada ya kuuliza halmashauri kuhusu kibali na ushuru wa mabango.

Ukubwa ukiwekwa mahali pazuri hufanya maajabu, na mfano wake maarufu una miaka zaidi ya 130. Mwishoni mwa Desemba 1894 mwigizaji Sarah Bernhardt alihitaji haraka bango la Gismonda, mchezo wa Victorien Sardou aliouigiza kwenye ukumbi wa Renaissance jijini Paris. Kazi ikaangukia kwa Alphonse Mucha, mchoraji asiyejulikana sana wakati huo, na mwanzoni mwa Januari 1895 bango likawa ukutani. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2 na upana wa sentimita 74 hivi: umbo la mtu aliyesimama, karibu kimo cha mpita njia mwenyewe. Eneo lake ni takriban mita ya mraba 1.6, sawa na A3 karibu 13. Bernhardt akampa Mucha mkataba wa miaka sita. Watu husifu mistari yake inayojipinda na maua, na wanastahili kusifu, lakini mimi naona kwanza uwiano: karibu 3 kwa 1, mwembamba na mrefu, wakati mabango mengi yalikuwa mapana. Umbo la karatasi huja kabla ya ua la kuweka kwenye nywele.

Kikundi chetu hakina fedha za mita 2. Kina kipeperushi, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu kipeperushi huchukuliwa kuwa bango lililopunguzwa. Kutoka A3 kwenda A5 kila kipimo hukatwa nusu. Maandishi ya pointi 14 chini ya bango yanageuka pointi 7, na mzee anayeshika kipeperushi kwa mkono ulionyooka hayaoni. Wakati huohuo jina linabaki na herufi za milimita 14 au zaidi, ilhali kwa umbali wa sentimita 40 jicho linahitaji milimita 2. Jina limekula nafasi lisiyoihitaji, na habari ambazo mtu anazitafuta zimebanwa pembeni. Kipeperushi husomwa mkononi, kwa dakika nzima pengine, ndani ya basi. Kina haki ya kuwa na aya fupi ya kisa, ratiba ya siku zote nne, bei, ramani ndogo, namba ya kulipia iliyogawanywa kwa mafungu ili isikosewe, na saa zilizoandikwa bila utata: saa 1:30 usiku, na pembeni 19:30 kwa mgeni. Mwandishi atajwe pote pawili, na ruhusa yake ipatikane kabla ya yote; sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada yake.

Hata msimbo wa QR una mahali pake. Kanuni ya kawaida ni kwamba upande wake uwe sehemu ya kumi ya umbali wa simu. Kwa kipeperushi kilichoshikwa sentimita 30 kutoka kwenye kamera, sentimita 3 zinatosha. Ukitaka mtu auskani kwenye bango akiwa mita 2, unahitaji sentimita 20, theluthi mbili ya upana wa A3. Hakuna bango linaloweza kulipa kodi hiyo. Weka msimbo mdogo chini kwa anayekaribia, na jina na tarehe vishike sehemu ya juu.

Umbo la kipeperushi nalo lina bei. Kwenye karatasi ya 320 kwa 450 zinaingia A5 nne pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande. Ukichagua umbo refu la theluthi ya A4, milimita 99 kwa 210, zinaingia sita. Vipeperushi 1,500 vinahitaji karatasi 375 kwa A5, lakini 250 tu kwa umbo refu. Wapo wanaopenda mraba wa sentimita 15. Unapendeza, lakini nao unaingia mara nne tu: kila kimoja kina eneo dogo kuliko A5 kwa zaidi ya robo, na unalipa karatasi zilezile. Kwa Kinjeketile umbo refu linaafiki hata kisanii, kwa sababu linaweza kubeba mstari mmoja wa maji unaoshuka kutoka juu hadi chini.

Hapo tumefika kwenye picha, na sitaizungumzia sana, ila kwa mambo yenye gharama. Kwa uchapaji mzuri A3 inahitaji nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 3,508 kwa 4,961. Picha ya simu ya megapikseli 12 inatoa kama nukta 240, inakubalika. Picha hiyohiyo ikipitia WhatsApp ikabaki na pikseli 1,600 upande mrefu, inashuka chini ya nukta 100 na uso wa mwigizaji unakuwa ukungu. Mwambie mpiga picha atume kama faili. Kwa tamthilia hii, hata hivyo, sioni haja ya uso wala ya bunduki. Mhusika mkuu wa Hussein amebanwa kati ya imani ya watu na shaka yake mwenyewe, na mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Bango lenye shujaa aliyeinua silaha linauza mchezo mwingine. Maji na risasi, kwa rangi mbili, nyeusi na buluu moja nzito, yatasema zaidi. Na rangi mbili kwenye mtambo wa ofseti ni sahani mbili za kuchapia badala ya nne. Maandishi madogo yawe meusi matupu, bila kuchanganya rangi nyingine chini yake. Karatasi ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, herufi za pointi 8 zilizochanganywa rangi nne hutoka na vivuli.

Sasa idadi. Ofseti ina gharama ya kuanza, kisha kila nakala ni rahisi. Dijitali haina gharama ya kuanza, lakini kila nakala ni ghali. Chukua kipeperushi chenye rangi nne mbele na nyeusi nyuma. Sahani 5 kwa shilingi 25,000 ni 125,000, kuweka mtambo sawa na karatasi za kujaribia 75,000: jumla 200,000 kabla ya nakala ya kwanza. Kila nakala baadaye ni shilingi 60. Dijitali ni shilingi 250 kwa nakala. Gawanya 200,000 kwa tofauti ya 190, unapata 1,053. Chini ya hapo nenda dijitali; juu ya hapo nenda ofseti. Kwa nakala 500 dijitali ni 125,000 na ofseti 230,000. Kwa 1,500 ni 375,000 dhidi ya 290,000. Ukiamua kuifanya kazi nzima kwa rangi mbili mbele na moja nyuma, sahani zinashuka hadi 3 na mpaka unahamia karibu nakala 790.

Mchapaji atakuambia, na kwa nia njema kabisa, kwamba nakala 2,000 ni shilingi 160 kila moja ilhali 5,000 ni shilingi 100 tu. Ni kweli. Lakini umetoka 320,000 ukafika 500,000, na shilingi 180,000 za ziada ni tiketi 18 ulizokwisha kuzila. Halafu nani atazigawa? Mgawaji mmoja akifikisha 100 kwa saa, nakala 5,000 ni saa 50 za kazi. Kwa shilingi 4,000 kwa saa, hizo ni 200,000 nyingine. Mabunda yanayobaki chini ya jukwaa kila msimu yametokana na hesabu ya shilingi 100.

Kwa nakala 1,500 hesabu kamili ni hii: uchapaji 290,000, pamoja na VAT ya asilimia 18 ni 342,200, na ugawaji wa saa 15 ni 60,000. Jumla 402,200. Vipeperushi vinahitaji kuleta watu 41 ili virudishe gharama yao, karibu 3 kati ya kila 100 waliopokea. Katikati ya msongamano wa Kariakoo sitegemei hata mmoja. Anayetoka kuangalia mchezo mwingine wa jukwaani, mwanachama wa klabu ya vitabu, mwanafunzi wa fasihi chuoni, hao naweza kuwategemea. Na juu ya wote yupo mwalimu wa Kiswahili. Kipeperushi kimoja kilichofika mezani kwake kinaweza kuleta darasa la wanafunzi 40, na hapo shilingi 60 za wino na karatasi zimelipa karibu mzigo wote. Nakala 100 zilizopelekwa shuleni kwa mkono, na jina la mwalimu limeandikwa kwa kalamu juu yake, nazithamini kuliko 1,000 zilizomwagwa njiani.

Mabango nayo yahesabiwe kwa mahali. Andika orodha ya kuta kwa majina, si kwa makadirio: lango la chuo fulani, duka fulani, mgahawa fulani, pamoja na mtu aliyeruhusu. Orodha ikiishia 70, chapisha 80, hizo 10 za kuziba zilizochanika. Kwa shilingi 2,000 kila moja ni 160,000. Turubai la mita 3 za mraba kwa 15,000 ni 45,000. Sampuli za majaribio za karatasi halisi ni 10,000, na hizi usizikate hata fedha ikiwa ndogo: tarehe iliyokosewa huonekana haraka zaidi kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kuliko kwenye kioo cha kompyuta, na ikishapita, vipeperushi vyote 1,500 vinaharibika kwa mkupuo. Ongeza vipeperushi 290,000, uchapaji wote unafika 505,000. VAT yake ni 90,900. Msanifu 400,000, ugawaji 60,000, nauli na gundi 40,000. Jumla kuu ni shilingi 1,095,900.

Hizo ni tiketi 110, au karibu asilimia 11 ya mapato ya ukumbi ukijaa mara zote nne. Kwa viti 500 tunavyovitafuta ni takriban shilingi 2,190 kwa kila kiti. Angalia malipo ya msanifu: ni zaidi ya theluthi ya fedha zote, na ndiyo sehemu ambayo vikundi hukimbilia kuipunguza. Mimi ningepunguza nakala kwanza. Katika hizo 400,000 mwombe kazi tatu tofauti: bango, kipeperushi, na toleo la simu la pikseli 1,080 kwa 1,920. A3 ikionekana kwenye kioo cha sentimita 7, maandishi ya pointi 14 yanakuwa chini ya pointi 4, kwa hiyo la simu libebe jina, tarehe, mahali na namba ya kulipia tu. Nembo za wafadhili nazo zipewe mpaka tangu siku ya mkataba: ukanda wa milimita 30 chini ya A3 ni asilimia 7 ya bango, unatosha heshima yao na haugusi jina.

Ombi la mwisho kwa mchapaji halina gharama. Kabla faili haijaenda kiwandani, gawa vipeperushi katika mafungu matano na kila fungu lipewe herufi yake ndogo kwenye kona: S kwa shule, C kwa vyuo, M kwa migahawa, na kadhalika. Kwenye dijitali ni suala la kubadili ukurasa. Kwenye ofseti, ambako sahani haibadiliki kirahisi, muhuri wa mpira unafanya kazi hiyo kwa jioni moja. Anayeleta kipeperushi mlangoni apunguziwe shilingi 1,000, naye mkata tiketi avitie kwenye bahasha badala ya kuvitupa. Baada ya wikiendi ya kwanza fungua bahasha na uhesabu herufi. Kama S zimerudi 60 na M zimerudi 2, peleka oda ndogo ya nakala 300 za dijitali, shilingi 75,000 kabla ya kodi, na zote ziende shule ambazo bado hazijafikiwa.